Intaneti Iliyorudi Saa za Swala

Kerrow Abdinoor alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa kwa miaka ishirini na mitatu, mpaka siku ngamia mmoja alipompiga teke la goti. Wala hakuwa ngamia mkali. Kerrow mwenyewe anasema alikuwa mpole, mama wa watoto wanne, na teke lilimfika wakati akimsifia mnunuzi upole huohuo. Daktari alimfunga bandeji, akampa magongo mawili na kumwamuru akae nyumbani miezi mitatu.

Mimi ni jirani yake hapa Bulla Iftin. Ukuta wangu na wake ni mmoja, kwa hiyo miezi hiyo mitatu aliyoamriwa yeye niliitumikia pia mimi. Kerrow ni mtu wa kusema. Sokoni alikuwa akisimama upande wa ngamia na wauza mbuzi wakageuka kutazama nani anawaita. Sasa alibaki na ukumbi, kiti cha plastiki, na mkewe Sahra, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, mwanamke ambaye akichoka kusikiliza huenda dukani kwake hata kama ni Ijumaa mchana. Wiki ya pili Sahra ndiye aliyesema waweke intaneti, ili mumewe awauzie watu walio mbali.

Kampuni moja ndogo ya mjini ikafunga dishi juu ya paa. Waya ukashushwa kupitia dirisha la chumba cha wageni, na humo ndani, juu ya stuli, ikawekwa ruta, kile kisanduku cheupe chenye taa za kijani kinachogawa waifai nyumba nzima. Mambo yakaenda vizuri mno. Wachungaji walileta ngamia kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba, Kerrow akakaa kivulini na simu, na wanunuzi wakamtazama mnyama moja kwa moja kutoka huko waliko. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Abdihafid, mtu wa Eastleigh mwenye zizi la ngamia wa maziwa nje ya Nairobi. Abdihafid haamini picha. Anataka kumwona ngamia akitembea, akigeuka, akitafuna, na akiwezekana akikasirika.

Mwezi wa pili mama mkwe wake Kerrow, Hooyo Abshiro, yaani Mama Abshiro, alikuja kutoka Sangailu kung'olewa jino. Jino liling'olewa siku ya pili. Yeye akabaki, na hakuna aliyetaka aondoke. Alipewa chumba cha wageni.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu Kerrow. Kwa watu wote yeye ni ngoma, lakini mbele ya soddoh, yaani mama mkwe, sauti yake huisha kabisa. Ndivyo alivyolelewa. Haketi naye ukumbini, hamtazami usoni, na kuingia katika chumba anacholala mama huyo ni jambo ambalo asingelifanya hata nyumba ingekuwa inaungua. Siku aliyofika, Kerrow alisimama nje ya mlango, akiwa ameligeuzia pazia mgongo, akamkaribisha kwa heshima zote. Kisha akamwambia kwamba kuna kitu humo ndani, juu ya stuli, ndicho kinacholisha nyumba hii, na akaomba asikubali mtu yeyote akiguse. Hooyo Abshiro alijibu kwamba amesikia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote kwa siku nyingi.

Siku iliyofuata intaneti ikafa. Tuseme haikufa, ilizimia. Kerrow alikuwa akimwonyesha Abdihafid ngamia kijana wa kutoka Diff, akieleza mwendo wake, na upande wa pili kukawa kimya. Baadaye Abdihafid aliandika ujumbe kuuliza kama mnyama huyo ni mzima, kwa sababu kwa dakika nne nzima hakupepesa jicho. Kerrow akampigia tena. Safari hii aliyeganda alikuwa Kerrow mwenyewe, mdomo wazi, jicho moja limefumba, mkono juu kama mtu anayesimamisha lori. Abdihafid akaihifadhi picha hiyo. Kufikia Alasiri ilikuwa imeshageuzwa stika kwenye kundi la madalali, na watu waliitumia kila mtu alipotaja bei isiyo na akili.

Kerrow alipima spidi kwa simu yake. Kwa kawaida alikuwa akipata mega ishirini. Sasa alipata moja, na hiyo moja ilikuja kwa kusita.

Alianza na jambo ambalo kila mtu hulianza, kuzima na kuwasha. Kwa kuwa ruta ilikuwa chumbani mwa mama mkwe, alizima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu, akahesabu mpaka mia, akawasha. Hakuna kilichobadilika isipokuwa friji ya Sahra, ambayo tangu siku hiyo hutoa mlio kama wa paka. Alimwomba Sahra aingie aangalie kama kile kitu kimewashwa. Sahra alichungulia mlangoni, akaona swichi ya ukutani ina taa nyekundu, akarudi kusema kimewashwa. Alijibu alichoulizwa, naye alikuwa na wateja.

Ndipo Kerrow alipogundua jambo la ajabu. Ilipoadhiniwa Adhuhuri, alikaa kwenye kiti chake aswali, kwa kuwa goti halikumruhusu kusujudu chini. Alikuwa ndiyo kwanza afunge swala pale simu aliyoiacha mezani ilipoanza kulia: ujumbe baada ya ujumbe, picha, sauti, video ya arusi ya Banissa iliyokuwa imekwama tangu jana. Alipotoa salamu na kuichukua, spidi ilikuwa mega ishirini na moja. Alipompigia Abdihafid, ilikuwa imeshuka tena. Alasiri ikawa vilevile. Magharibi vilevile. Siku ya pili alifuatilia swala zote tano, na zote tano intaneti ilirudi kwa muda wa robo saa hivi, kisha ikaenda zake.

Mwanzoni aliogopa kwamba anajaribiwa. Baadaye akapata maelezo ya akili zaidi. Akaniita ukutani, akanieleza kwa sauti iliyosikika mpaka kituo cha mafuta: kuna watu wanatumia intaneti yake. Watu hao ni Waislamu wema. Ikiadhiniwa wanaacha simu wanaenda kuswali, njia inabaki wazi, spidi inapanda. Wakirudi, inashuka.

 Watu hao walikuwepo kweli, na mmoja wao ni mimi. Lakini hatukuiba. Neno la siri Kerrow alilitaja mara moja tu, wiki ile intaneti ilipofungwa, akimwelekeza Sahra aliyekuwa dukani ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima uliandika.

Jioni hiyo alibadilisha neno la siri kwa simu yake. Kesho yake asubuhi watu kumi na mmoja walibisha hodi mlangoni kwake, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa na sababu nyingine kabisa ya kuja. Mmoja aliulizia goti. Mwingine alirudisha bakuli ambalo halikuwa la nyumba hiyo. Mama mmoja aliomba dua ndefu kwa ajili ya afya ya Kerrow, halafu mlangoni, kama aliyekumbuka ghafla, akauliza kama intaneti ya hapo ina matatizo, maana mtoto wake wa chuo ana mtihani. Kerrow aliwahesabu wote kwa uchungu. Lakini spidi ilikuwa bado moja, na Adhuhuri ikapanda ishirini kama kawaida, ingawa sasa hapakuwa na mtu mwingine ndani. Akawaona wote hawana hatia. Akaamua kuwarudishia, na neno jipya akamnong'oneza Sahra ili yeye ndiye alipeleke kwa mmoja mmoja kwa adabu. Sahra hakulazimika kutoka. Mnong'ono wa Kerrow ulikuwa umeshatufikia.

Mshukiwa wa pili alikuwa korongo, mmoja wa hao ndege wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti ya mji wetu kama wazee wanaosubiri pensheni. Huyu alipenda kusimama juu ya paa la Kerrow, karibu na dishi, mguu mmoja ukiwa umekunjwa. Kerrow alikaa uwanjani asubuhi nzima akizungumza naye. Alianza kwa kumshauri, akaenda kwenye kumkemea, akaishia kumtajia bei ambazo amezikosa kwa sababu yake. Ndege hakujibu. Nikapanda mimi kwa ngazi, na fagio mkononi, kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanisuta kuhusu yale ya waifai. Korongo alinitazama toka juu mpaka chini, akainua mbawa zake, akahamia kwenye paa langu, ambako yupo mpaka leo. Spidi ikabaki moja.

Siku ya tano Kerrow alipiga simu ya huduma kwa wateja. Aliyepokea alikuwa msichana wa Nairobi mwenye sauti tamu. Kiswahili cha Kerrow ni cha sokoni, na herufi ya p kinywani mwake hugeuka b, basi alipomwambia kwamba amebadilisha basiwadi na bado inaenda bole bole, msichana alimwuliza ni basi la kwenda wapi. Walichukua muda kutoka hapo. Hatimaye alimwomba Kerrow aende kwenye ruta, achukue pini, abonyeze kitufe kidogo kilicho nyuma.

Kerrow akamwambia haiwezekani.

Msichana akauliza kama chumba kimefungwa. Hakikufungwa. Kama kuna maji au moto. Hakuna.

"Sasa kuna nini humo ndani, mzee?"

"Kuna mama mkwe," akasema Kerrow.

Msichana akasema pole, na kwamba atamtuma fundi.

Fundi aliyekuja alikuwa mwanamke, Deka, mwenye hijabu nyeusi, koti la kampuni na viatu vya kazi vilivyokuwa vikubwa kuliko vya Kerrow. Alipanda juu ya paa bila kushika ngazi kwa mikono miwili. Akachomeka kifaa chake kwenye waya wa dishi, akapima, akashuka, akasema mnara unaleta mega ishirini na mbili mpaka dirishani. Kwa hiyo ugonjwa uko ndani ya nyumba. Aliuliza tatizo lilianza lini. Kerrow akamwambia. Aliuliza kama kuna saa ambazo inarudi vizuri, na Kerrow akamweleza habari ya swala, akiogopa kuchekwa. Deka hakucheka. Aliinamisha kichwa, akafikiri, akauliza kuna nani kwenye chumba chenye ruta.

"Adeer," akasema baada ya kujibiwa, akimwita ami kwa heshima, "mimi nitaingia. Wewe kaa hapo."

Alikaa humo ndani dakika arobaini. Kerrow alibaki ukumbini akijikaza asisikilize, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nyumba yake ilikuwa kimya. Yaliyotokea ndani Deka alimsimulia Sahra baadaye, na Sahra akanisimulia mimi.

Deka alisalimia, akakaribishwa chai, akaulizwa ni binti wa nani mpaka babu wa saba. Ndipo alipouliza kile kisanduku cheupe kiko wapi. Stuli ilikuwa tupu. Waya mbili zilitoka ukutani, zikapita sakafuni, zikapanda kwenye sanduku la bati la Hooyo Abshiro, lile kubwa la buluu lenye maua, na kuingia kwenye mwanya mdogo wa kifuniko. Sanduku lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa mwenyewe.

Hooyo Abshiro akalifungua bila kusita, maana mgeni alikuwa mtu wa kazi. Ruta ilikuwa katikati, imefunikwa mtandio mpya ambao haujavaliwa, kulia kwake dirac, yale magauni mepesi ya sherehe, kushoto ubani na sukari, na juu yake mkeka na shuka ya kuswalia. Ilikuwa ya moto kama chapati inayotoka jikoni. Ilinukia vizuri sana, akasema Deka, hajawahi kurekebisha ruta inayonukia namna ile.

Kila swala ilipofika, mama alikuwa akifungua sanduku, akitoa mkeka na shuka, akiswali kifuniko kikiwa wazi, kisha akikunja, akirudisha na kufunga. Hiyo ndiyo robo saa yetu. Muda mwingine wote ishara ya waifai ilikuwa ikijitahidi kupenya bati.

Deka alimwuliza kwa upole kwa nini aliiweka humo. Hooyo Abshiro alishangaa kuulizwa.

"Mwenye nyumba aliniambia hiki ndicho kinacholisha nyumba yake, nisikubali mtu akiguse," akasema. "Sasa kitu kama hicho unakiacha juu ya stuli?"

Deka alitoka akamkuta Kerrow amesimama kwa magongo. Alimweleza kwa sauti ya chini. Kerrow aliketi. Sahra anasema uso wake ulibadilika rangi mara tatu, maana alikuwa ameshamshuku kila kiumbe katika mtaa, kuanzia mimi mpaka korongo, kumbe ni agizo lake mwenyewe lililotekelezwa na mtu pekee aliyemsikiliza vizuri. Aliomba maneno mawili tu yafikishwe ndani: ahsante, na samahani.

Lililobaki lilikuwa kuhamishia ruta ukumbini, kwa waya mrefu zaidi. Lakini Hooyo Abshiro hakukubali kumkabidhi Deka. Alisema alipewa amana, na amana haipewi mtu uliyefahamiana naye kwa kikombe kimoja cha chai. Aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili, ikiwa bado na mtandio wake, akasubiri Kerrow atolewe nje, akaiweka juu ya meza, na akakaa kando yake. Deka alifunga waya, akapima, akapata ishirini na mbili, akaaga. Hooyo Abshiro hakuondoka.

Hakuondoka siku hiyo wala iliyofuata. Kitu kilikuwa ukumbini, naye ndiye mlinzi wake. Kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawawezi kukaa pamoja, Sahra alileta kitambaa cha duka, akatundika pazia katikati ya ukumbi. Upande mmoja ruta, mama, na dirisha la kutazama uwanjani. Upande wa pili Kerrow, kiti chake na mlango wa nyuma. Kwa siku mbili Kerrow alizungumza na wanunuzi kwa sauti ya mtu aliye maktabani, na wanunuzi waliuliza kama anaumwa.

Jumatano Abdihafid alipiga. Picha ilikuwa safi mpaka nzi walionekana. Wachungaji walimtembeza ngamia jike mweusi, na Kerrow, kwa ile sauti yake mpya ya chini, akaeleza kwamba ana miaka minane na amezaa mara mbili.

Pazia likasema, "Kumi na moja. Na amezaa mara nne."

Kerrow aliganda, na safari hii intaneti haikuwa na kosa. Huku nje mchungaji alisimama, akamtazama ngamia kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akakubali kwa kichwa kwamba ndivyo. Kerrow ananiapia kwamba yeye aliambiwa minane, na mimi namwamini, kwa sababu nilimwona alivyomtazama mchungaji.

Abdihafid aliuliza ni nani huyo aliyesema. Kerrow akatafuta neno. Kumtaja soddoh yake kwa mteja kulimshinda.

"Ni mwenye ruta," akasema.

"Mwulize mwenye ruta kama mnyama huyu anafaa."

Kerrow hakuweza kumwuliza. Akaisogeza simu karibu na pazia. Hooyo Abshiro akaeleza, kwa utulivu, bila kusifia. Alisema huyu ana umri lakini chuchu zake zote nne ni nzima, ukimtazama anavyoweka mguu wa nyuma utaona hana maumivu, na atatoa maziwa misimu mingine minne kama hakamuliwi na mtu mwenye hasira. Yule mwekundu aliye nyuma yake asinunuliwe, kwa kuwa anakohoa kila akifikiri haonwi. Hakuna aliyekuwa amemwona akikohoa. Tukamtazama wote, mimi kutoka juu ya ukuta. Baada ya muda akakohoa.

Abdihafid alimnunua mweusi papo hapo, kwa bei ya ngamia wa miaka kumi na moja, akasema kwamba Jumatano ijayo atapiga saa ileile na anaomba mama awepo. Wiki hiyo alipigiwa na wanunuzi wengine wawili ambao Kerrow alikuwa amewakimbiza kitambo kwa sifa zake. Goti lilipona kabla ya mwezi kwisha, daktari akamruhusu kurudi sokoni, na yeye akarudi siku zote isipokuwa Jumatano.

Jumatano iliyopita nilipita kumrudishia ngazi. Kerrow alikuwa amesimama kando ya pazia, mkono umenyooka, simu imeelekezwa upande wa pili, amegeuza uso ukutani kwa heshima. Hapakuwa na ngamia yeyote uwanjani. Abdihafid na Hooyo Abshiro walikuwa wamegundua kwamba nyanya yake Abdihafid alichunga Ijara pamoja na mama yake Hooyo, na sasa walikuwa wakihesabu jamaa, aliye hai na aliyefariki, na kuulizana mvua ya Sangailu imefika wapi. Kerrow alinikonyeza niishike simu kidogo, apumzishe mkono. Niliishika. Wakaendelea kuzungumza.